Siyo kila tumbo ni vidonda: lini uache kununua omeprazo uende ukapimwe?

Mtoa_Dawa_Mwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni nyuma ya kaunta ya famasi ya mtaani hapa Mwanza. Kuna ombi moja nalisikia tangu nafungua asubuhi mpaka nashusha geti: "Nipe ile dawa ya vidonda vya tumbo." Anataka omeprazo, ya kupunguza asidi. Ukiuliza nani alimpima, hajapimwa. Dalili anazijua, dada yake anavyo, jirani anavyo, na yeye tumbo linawaka. Yamekwisha hapo.

Vidonda vipo, tena si vichache. Ila siku hizi jina hilo tunalibandika juu ya kila kinachouma kati ya kifua na kitovu. Kuungua kwenye chembe ya moyo kunaweza kuwa kidonda kweli. Kunaweza pia kuwa asidi inayopanda kwenye umio (njia ya chakula), mawe kwenye mfuko wa nyongo, kongosho, ini, dawa za maumivu unazomeza kila siku, na kwa mtu mwenye kisukari au presha kunaweza kuwa moyo wenyewe. Halafu kuna kundi kubwa ambalo kamera ikiingizwa tumboni haikuti kidonda wala mchubuko. Hao hawajifanyi wagonjwa. Mishipa ya fahamu ya tumbo lao inahisi kupita kiasi, au tumbo halisukumi chakula kwa mpangilio wake. Dozi ya vidonda haiwafai kitu, na ndio hao wanaozunguka famasi zote za mji.

Sasa huyu H. pylori mnayemtaja kila siku. Ni bakteria anayeishi kwenye utando wa mfuko wa chakula, na mara nyingi mtu humpata utotoni. Mpaka miaka ya 1980 watu waliambiwa vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa kule Perth, Australia, wakasema hapana, ni huyu mdudu. Hawakuaminika, basi mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi ulioteshwa bakteria hao, tumbo lake likavimba ndani kwa ndani, ushahidi ukapatikana. Mwaka 2005 wakapewa Nobel.

Ila kuna upande wa pili ambao kwenye vibanda vya vipimo hausemwi. Huku Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye bakteria huyo, na walio wengi hawataumwa naye maishani. Kile kipimo cha haraka cha damu kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi yake, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa akapona anapimwa tena damu, anaambiwa bado unaye, anapewa dozi nyingine. Nimeona watu wana makabrasha ya dozi za namna hiyo. Omba kipimo cha kinyesi. Na kabla ya kupima uwe umekaa wiki mbili bila omeprazo na wiki nne bila antibiotiki, maana dawa hizo humficha mdudu kipimo kikasoma hayupo.

Akithibitishwa, dozi yake ni mchanganyiko: antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Siyo "nipe za siku tano kwanza, nikipata hela narudi." Ukikatisha, unawaua wale dhaifu unawaachia sugu. Tayari kwetu metronidazo, hiyo Flagyl yenu, imepungua nguvu dhidi yake kwa sababu tumeimeza kwa kila tumbo la kuharisha. Ukimaliza dozi, kaa wiki nne au zaidi, rudi upime kinyesi kuona kama kweli ameondoka. Hatua hii ya mwisho karibu kila mteja wangu anairuka.

Turudi kwenye swali la uzi: lini uende? Mimi naangalia mambo mawili, muda na kilichoambatana na maumivu.

Muda kwanza. Kiungulia cha baada ya pilau la harusi hakina kesi. Lakini kama umemeza omeprazo wiki mbili vizuri (nusu saa au zaidi kabla ya kula, siyo baada ya kushiba na maumivu kuanza) na hakuna nafuu, au nafuu inakuja ila ukiacha tu moto unarudi, hapo dawa ya kaunta imefika mwisho wake. Marekani inauzwa bila cheti, lakini maelekezo yanasema siku 14 tu, na usirudie kabla ya miezi minne. Hapa kuna mtu anaimeza mwaka mzima, na hakuna aliyemwambia kwamba inaweza kutuliza hata maumivu ya saratani ya tumbo kwa muda, akaona anapona. Kuharisha kukipita siku 14 ni hivyohivyo. Na choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa bila sababu, leo kigumu kesho maji, nacho usikiache.

Kilichoambatana ndicho kizito zaidi. Uzito unashuka na hujafunga wala hujaanza mazoezi. Chakula kinakwama kikimezwa. Unatapika mara kwa mara, au unatapika leo chakula ulichokula jana. Umepauka viganja, ngazi mbili tu unahema. Macho yamekuwa ya njano. Kuna uvimbe unaushika kwa mkono. Kuharisha kunakuamsha usiku wa manane. Homa za jioni na jasho la kulowesha shuka, ambalo linaweza kuwa TB ya tumbo. Au tumbo limeanza kusumbua ukubwani na huko nyuma hukuwahi kulijua. Hayo usiniletee mimi kaunta, wiki hiyohiyo nenda hospitali.

Na kuna ya leo hii, hata kama ni saa nane usiku: kutapika damu au matapishi yenye machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, kinanata na harufu yake siyo ya kawaida, maumivu makali ya ghafla na tumbo limekaza halibonyei, tumbo limevimba huku hupati choo wala hewa na unatapika, ngiri iliyokuwa inarudi ndani leo imegoma na inauma, maumivu ya chembe pamoja na jasho jembamba na pumzi kukata.

Jambo moja ukifika kwa daktari: usimwambie "nina vidonda." Ukishampa jina, na ana foleni ya watu sitini nje, ataandika hilohilo. Mwambie unachohisi, tangu lini, kinakuja kabla au baada ya kula, choo kikoje, na umeshameza nini, mitishamba ikiwemo.

Karibuni, maswali ruksa.

#2 Boda_Nyakato

Mkuu umenigusa penyewe. Mgongo unaniua kwa ajili ya hii kazi ya pikipiki, nameza diklofenaki asubuhi moja jioni moja, na siku ya mvua naongeza. Tumbo linawaka nikichelewa kula. Ina maana dawa ndiyo inayoniumiza? Na nikiiacha, mgongo nao je?

#3 Mtoa_Dawa_Mwanza

Inawezekana sana. Utando wa tumbo unajilinda kwa ute, na ute huo unategemea kemikali zilezile ambazo diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzizima ili maumivu yapungue. Mgongo unatulia, tumbo linabaki wazi mbele ya asidi yake lenyewe. Pamoja na H. pylori, hizi ndizo sababu mbili kubwa za vidonda duniani. Ubaya wake mwingine ni kwamba kidonda cha dawa hizi kinaweza kutoa damu bila kukuuma kwanza, hasa kwa wazee. Mtu anaanguka chooni ndipo ndugu wanajua.

Paracetamoli haina tabia hiyo kwa tumbo, mradi usizidishe gramu nne kwa siku kwa mtu mzima. Mgongo uangaliwe na daktari, na kiti cha pikipiki nacho kiangaliwe. Usichofanya ni kumeza diklofenaki halafu magnesiamu ya kutuliza asidi juu yake kisha uendelee miaka.

Angalizo: kama kuna anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi kwa maagizo ya daktari, asiache kwa sababu ya uzi huu. Arudi kwa aliyemwandikia.

#4 Mzizi_Original

Acheni kutishana. Kabichi mbichi isagwe, asali, unga wa ndizi mbichi, na mzizi mmoja ambao hapa siutaji. Siku 7 vidonda kwisha, bawasiri kwisha, ngiri kwisha, nguvu zinarudi. Njoo inbox, tunatuma mikoa yote.

#5 Mpita_Zake

Mzizi mmoja kazi nne, hata fundi wa mtaani kwetu hana bei hiyo.

Mwaka 2011 nilikuwa kwenye foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Niliyoyaona kwenye ile foleni, watu wameacha na dawa zao nyumbani, tangu siku ile mtu akinitajia dawa ya kila kitu naangalia saa.

#6 Mtoa_Dawa_Mwanza

Kabichi na asali sina ugomvi navyo, ni chakula. Ndizi mbichi mimi mwenyewe napenda, ya nazi. Ugomvi wangu ni hizo siku saba. Maumivu ya kidonda yana kawaida ya kuja na kuondoka yenyewe, wiki yanabana, wiki tatu kimya. Aliyekuuzia kitu wiki ile ya mwisho ya maumivu ndiye anayepata sifa. Kidonda kipo palepale.

Nikiwa hapo, maziwa. Wengi wanaambiwa wanywe maziwa kutuliza. Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha yanalichochea tumbo litoe asidi zaidi.

#7 Chai_ya_Bomet

Salamu kutoka Bomet, Kenya. Mimi nataka niongeze kuhusu kumeza, kwa sababu huku kwetu ndiyo hadithi ya kila kijiji.

Jirani yetu mmoja alianza kwa nyama kumkwama. Akawa anakula na kikombe cha maji kando, kila tonge maji. Kwa kliniki akaambiwa ni asidi, akapewa dawa. Ugali ukakataa, wali ukakataa, akabaki na uji, na bado watu wanasema mzee amekuwa mchaguzi wa chakula. Alipopigwa kamera ilikuwa ni saratani ya umio, na ilikuwa imeziba sana.

Ugonjwa huu una ukanda wake, kutoka Ethiopia ukishuka Kenya, Malawi mpaka Afrika Kusini. Huku unashika hata vijana ambao hawajafika miaka thelathini. Hospitali ya Tenwek inajulikana kwa kuweka stenti, ule mrija wa kufungua njia ili mgonjwa aweze kumeza tena, lakini wengi wanafika wakati stenti ndiyo kitu pekee kinachobaki kufanywa. Sababu ni nyingi na wataalamu bado wanazichambua. Moja inayotuhusu ni chai. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Sasa mwambie mzee wa hapa asubiri chai ipoe. Atakuuliza kama wewe ni mgonjwa.

#8 Mtoa_Dawa_Mwanza

Asante sana. Hili lingekuwa uzi peke yake.

Kuna mzee alikuja kaunta kwangu na karatasi ya omeprazo tupu ameikunjia ndani ya noti, anataka nyingine ileile. Alipoinua shati atoe pesa mfukoni nikaona mkanda wa suruali: matundu mapya, yametobolewa kwa msumari, hayajafuata hata mstari wa yale ya kiwandani, na ncha iliyobaki imezunguka mpaka mgongoni. Nikamuuliza anakula nini siku hizi. Uji, akasema, ugali "unagomea hapa," akagusa juu ya kifua. Hakuwa na mizani nyumbani na hakuihitaji, mkanda ulikuwa unasoma vizuri. Dawa sikumuuzia. Nilimwandikia karatasi ya kwenda nayo hospitali ya mkoa, nikampigia mwanawe simu palepale ili isiishie mfukoni.

Kwa hiyo kumeza kukianza kuwa kazi, na hasa kama kinaanza na vigumu kisha kinaelekea laini, usisubiri hata hizo wiki mbili nilizosema. Dawa za asidi hazifungui njia iliyoziba.

#9 Mama_Pangani

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mwanangu ana miezi minane, jana alikuwa analia anakunja miguu tumboni, bibi yake akasema ni chango, akamfukiza na kumpaka dawa. Leo yuko sawa anacheza. Lakini nimesoma hapa nikaingiwa hofu. Chango ni nini kwa kihospitali? Na mdogo wangu ana mimba ya miezi saba, kiungulia hakimpi usingizi, anameza tu magnesiamu.

#10 Dkt_Zamu_ya_Usiku

Marahaba mama. Mimi ni daktari, nasoma uzi huu nikiwa zamu, mtanisamehe nikikatisha.

Mtoto anayelia kisha akanyonya, akacheza, akapata choo chake cha kawaida, mara nyingi ni gesi au msokoto unaopita. Bibi yake akimkanda tumbo taratibu hakuna ubaya. Ila asimpe dawa za kunywa, maana vingine vinaumiza ini la mtoto. Lakini kati ya miezi mitatu na miaka miwili kuna jambo ambalo pwani yote naona linaitwa chango: kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande kingine. Mtoto analia ghafla kwa dakika chache akikunja miguu, ananyamaza, amelegea, amepauka, kisha analia tena, na hivyo hivyo. Anatapika. Baadaye choo kinakuja na damu na makamasi. Huyo anahitaji hospitali yenye upasuaji saa hiyo, usiku huo. Dawa ya kupaka inakula saa ambazo utumbo hauna.

Mtoto wa kuharisha kawaida ni ORS (yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti) kidogokidogo na zinki siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya. Akishindwa kunywa, macho yakizama, akiwa amelala haamshiki vizuri, au kukiwa na damu kwenye choo, mlete.

Mdogo wako: kiungulia cha mimba ni cha kawaida, mtoto anasukuma tumbo juu na homoni zinalegeza kile kizibo cha umio. Alale ameinua kichwa, ale kidogo mara nyingi. Ila akisema anaumwa chini ya mbavu za kulia, kichwa kinagonga, anaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono imevimba, hapo siyo kiungulia tena. Inaweza kuwa kifafa cha mimba kinanyemelea. Apimwe presha na mkojo siku hiyohiyo.

Sasa na mimi nina la kwangu. Naomba tuache kuona aibu kuhusu choo. Mgonjwa anakaa mbele yangu dakika kumi anazungumzia kichwa na miguu, akiwa ameshika kitasa cha mlango anaondoka ndipo anasema "na kuna damu kidogo huwa natoa." Tangu lini? Mwaka jana. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu, mara nyingi ni bawasiri, kweli. Lakini bawasiri na saratani ya utumbo mpana vyote vinatoa damu, na mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili. Damu iliyochanganyika na choo, choo kilichobadilika, hamu ya kwenda msalani isiyoisha hata ukitoka sasa hivi, upungufu wa damu usioeleweka kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyeacha kupata hedhi: hao wapimwe kwa kidole na kwa kamera kabla ya kupewa dawa ya kupaka. Kile kidole mnachokikimbia kinachukua chini ya dakika moja.

Na choo cheusi, ili msije wote mkanijaa usiku: vidonge vya kuongeza damu vinafanya choo kiwe cheusi. Tofauti ni kwamba hicho hakinati, na hakina ile harufu.

#11 Mvuvi_Ukerewe

Daktari, huku visiwani kuna watu wanatapika damu beseni zima, halafu unakuta hawakuwahi hata kulalamika kiungulia. Tumbo tu limejaa maji. Mganga anasema ametupiwa kitu. Hayo nayo ni vidonda?

#12 Dkt_Zamu_ya_Usiku

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza, maana Kanda ya Ziwa hili ndilo la kwanza kulifikiria.

Ni kichocho cha utumbo. Siyo kile cha kukojoa damu ambacho wenzetu wa Zanzibar na pwani wanakijua, huyu ni ndugu yake. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi ukiwa unavua, unafua au unaoga ziwani. Vimelea wakubwa wakishakaa kwenye mishipa ya utumbo wanataga mayai, na mayai mengine yanasafirishwa mpaka ini, yanakwama huko na kuacha makovu. Miaka inapita. Damu iliyotakiwa kupita kwenye ini inakosa njia, inarudi nyuma: bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya chini ya umio inatanuka mpaka siku moja inapasuka. Ndiyo hiyo beseni. Homa ya ini ya B na pombe vinaweza kufikisha mtu palepale.

Akitapika damu namna hiyo hakuna cha nyumbani, ni gari au boti kwenda hospitali kubwa. Bugando, hapo Mwanza, wana kamera, na kwa kamera hiyohiyo mishipa inaweza kufungwa kwa mipira. Ila kabla ya kufika huko, praziquantel inaua vimelea, dozi ni kwa uzito, na ile inayogawiwa mashuleni ndiyo hiyo. Watoto wakiirudisha nyumbani mfukoni kwa sababu ni chungu, wazazi wasicheke. Na anayerudi majini anaambukizwa tena, kwa hiyo kumeza mara moja utotoni hakukulindi ukubwani.

#13 Karani_Dodoma

Mimi nilishapimwa kila kitu. Kamera ya juu safi, kinyesi safi, ultrasaundi safi, damu safi, VVU sina. Lakini tumbo linavurugika tangu chuo, likisokota naenda chooni napata nafuu, kesho yake choo kinagoma. Kukiwa na wakaguzi ofisini ndiyo kabisa. Uzito uko palepale miaka yote, usiku nalala. Nimeambiwa "huna kitu." Nina kitu!

#14 Mtoa_Dawa_Mwanza

Unacho. Kuambiwa huna kitu ni maneno mabaya ya kumwambia mtu anayeumwa.

Unavyoeleza vinafanana na utumbo wenye mhemko, ambao madaktari wanauandika IBS. Hauonekani kwenye kipimo, unatambuliwa kwa tabia yake: maumivu yanayoenda na choo, yanarudi kila wiki kwa miezi, bila damu, bila kukonda, bila kukuamsha usiku. Hauli mtu wala haugeuki saratani. Utumbo na ubongo vinazungumza muda wote, ndiyo maana wakaguzi wanakufikia mpaka tumboni. Siyo kwamba unajitungia.

Andika unachokula na tumbo linavyojibu kwa wiki chache. Anza na maziwa. Watu wazima wengi wa jamii zetu za Kibantu hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, yanaishia kuchachuka kwenye utumbo mpana, gesi na kuhara. Wafugaji kama Wamasai wengi wao wanayamudu ukubwani. Mtindi una sukari hiyo kidogo zaidi, jaribu huo. Kisha maharage, kabichi, soda, vitunguu, kimoja kimoja, usifute vyote siku moja ukabaki na wali mweupe. Na daktari anaweza kukupa dawa za kutuliza msokoto, zipo.

Damu, kukonda au kuamka usiku vikija siku moja, unaanza upya, usiseme "ni ile IBS yangu."

#15 Mwl_Nakuru

Swali fupi. Kila nikienda na tumbo naambiwa taifodi. Mwaka huu pekee nishaambiwa mara nyingi mpaka nimechoka kuhesabu. Inawezekana?

#16 Dkt_Zamu_ya_Usiku

Inawezekana kuambiwa, si rahisi kuugua hivyo. Wanatumia Widal, kipimo cha mwaka 1896, ambacho kinasoma kingamwili na kinachanganywa na maambukizi mengine na hata chanjo. Taifodi ni homa inayopanda na kukaa, siyo gesi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara kabla hujameza antibiotiki. Bila homa, uliza kwa upole kwa nini unapewa sindano.

#17 Mama_Wawili_Moshi

Wakuu nimefuatilia kimya. Nimekonda, nashiba kwa vijiko vitatu, na nimetapika chakula cha jana kama mfamasia alivyosema. Nimechukua rufaa kituo cha afya, kamera ni Alhamisi asubuhi. Naogopa ule mpira. Na chai ya alfajiri naruhusiwa?

#18 Dkt_Zamu_ya_Usiku

Dada, umefanya vizuri kuwahi. Chai hapana, hasa ya maziwa, na wewe unayetapika chakula cha jana waambie hilo mapema, watakutaka ukae na njaa muda mrefu kuliko wengine, pengine usile kitu kigumu siku nzima kabla. Mgonjwa wa kawaida hukaa saa sita hadi nane bila chakula. Kama una kisukari na unatumia dawa au insulini, uliza leo, siyo Alhamisi.

Mpira ni mwembamba kuliko kidole chako kidogo. Watakupulizia dawa ya ganzi kooni, utahisi koo nene na kama huwezi kumeza, lakini unapumua kama kawaida, njia ya hewa ni nyingine. Pumua kwa pua, acha mate yatoke pembeni usiyameze. Kinachokera zaidi ni kucheua wakiingiza hewa, na hata huko hakuna atakayekucheka. Kipimo chenyewe ni dakika tano hadi kumi, wakichukua vinyama vya kupima hutahisi. Usiondoke bila kuuliza majibu ya vinyama yanatoka lini na nani atakupigia. Kama kuna meno ya bandia, vua. Wakikupa sindano ya usingizi usiendeshe, nenda na mtu.

#19 Mama_Wawili_Moshi

Meno ninayo yote daktari. Shemeji ana bajaji, atanisubiri nje. Nimeandika swali la vinyama nyuma ya karatasi ya rufaa.